Moduli ya wasm inafunguka tovuti moja, nyingine inagoma, na ghala ni lile lile. Nani analizuia faili langu?

#1 Mzani_Hombolo
Wakuu habari za asubuhi. Niko Dodoma, Ipagala, naunga-unga programu kwa ajili ya mkate.

Nimeandika kikokotoo cha zabibu kwa Rust, nikakikompaili kuwa wasm. Mkulima akileta mzigo, karani anaingiza kilo na brix (ile sukari anayoisoma kwenye kipimo cha kuchungulia), kikokotoo kinatoa daraja na malipo baada ya makato. Vyama vitatu vya wakulima vinakitumia, kila chama na tovuti yake na kikoa chake. Majina siyataji, tuviite Hombolo, Mpunguzi na Veyula. Sikutaka kunakili faili mara tatu, maana bei ikibadilika nitazunguka kama pia. Kwa hiyo moduli nimeiweka kwenye kikoa cha nne, nakiita Ghala. Tovuti zote tatu zinaivuta kutoka huko.

Shida yenyewe: leo Hombolo inafunguka, Mpunguzi inagoma. Jana ilikuwa kinyume. Veyula haijawahi kufunguka hata siku moja. Kwenye konsoli ya kivinjari naona maandishi mekundu ya Access-Control-Allow-Origin. Lakini nikiliita faili hilo hilo kwa curl (programu ya kuvuta mafaili bila kivinjari) kwenye kompyuta yangu, linakuja lote bila tatizo. Sasa kama seva inalitoa, nani analizuia?

Karani wa Mpunguzi ameshanirudia kwenye kalamu na daftari. Nisaidieni.

#2 Ngoja_Waje
Nimevuta kiti na karanga zangu. Wajuvi njooni.

#3 Kisasa_Boy
CORS hiyo, ile kanuni ya vivinjari kuhusu kusoma faili la kikoa kingine. Weka nyota, ulale.
`Access-Control-Allow-Origin: *`
Kwisha habari.

#4 Mama_Heda
Kisasa_Boy punguza haraka, mdogo wangu. Aliyeuliza ameuliza *nani* anazuia, na hilo ndilo wengi humu hawalijui.

Seva haizuii kitu. Anayezuia ni kivinjari. Ukurasa wa Mpunguzi ukiomba faili kutoka Ghala, ombi linafika, Ghala inajibu, faili linasafiri mpaka kwenye simu ya karani. Hapo mlangoni kivinjari kinakagua: je, kwenye jibu hili kuna heda (mstari wa maelezo unaotangulia faili) inayosema chimbuko la Mpunguzi linaruhusiwa kusoma? Kama haipo, faili linatupwa na JavaScript yako inaambiwa tu kwamba imeshindikana. Seva ndiyo inayoandika kibali, kivinjari ndiye mgambo anayekisoma. curl haina mgambo, ndiyo maana kwako inapita.

Na chimbuko si jina la kikoa peke yake. Ni itifaki, jina na poti, vyote vitatu kwa pamoja. Yenye https na isiyo na s ni machimbuko mawili. Yenye www na isiyo na www, mawili pia.

Sasa mleta mada, ninukulie yale maandishi mekundu kama yalivyo, ya Mpunguzi na ya Veyula, kila moja peke yake. Naona kabisa kwamba hayafanani.

#5 Mtani_wa_Iringa
Nimeona "malipo" na "makato" nikadhani uzi wa kodi ya nyumba, nikaingia mbio. Kumbe wasm. Ni dawa ya mbu au?

#6 Makole_Dev
@Mtani ni msimbo uliokwisha kukompailiwa ambao kivinjari kinauendesha karibu na kasi ya programu ya kawaida. Unaandika kwa Rust, C, C++, unatoa faili moja la baiti. Ulianza kufanya kazi kwenye vivinjari vinne vikubwa mwaka 2017, na W3C wakaupitisha rasmi kuwa kiwango Desemba 2019. Rudi kwenye mlenda wako.

#7 Mtani_wa_Iringa
Mlenda ni wa kwenu Wagogo, mimi nina viazi.

#8 Makole_Dev
Mleta mada, mimi nasema ni aina ya faili. Seva lazima itamke `Content-Type: application/wasm`. Seva nyingi za zamani hazikijui kiambishi cha .wasm, zinalitoa kama octet-stream, na `instantiateStreaming`, amri ya JavaScript ya kupakia moduli, inakataa pale pale. Yalinikuta. Nilihangaika siku mbili, dawa ilikuwa mstari mmoja kwenye mime.types.

#9 Mzani_Hombolo
Mama_Heda, nimenakili. Ya Mpunguzi, kwa Kiswahili changu: heda ya Access-Control-Allow-Origin *ina thamani ya kikoa cha Hombolo*, hailingani na chimbuko lililoomba. Yaani niko ukurasa wa Mpunguzi lakini kibali kimeandikwa jina la Hombolo!

Ya Veyula: heda haipo kabisa.

Makole_Dev, Content-Type nimeangalia, ni application/wasm.

#10 Mama_Heda
Nilijua. Una magonjwa mawili, si moja.

La Mpunguzi kwanza. Ghala yako inaandikaje kibali? Bila shaka una orodha ya vikoa vitatu, unaangalia nani ameomba, unamrudishia jina lake. Sawa?

#11 Mzani_Hombolo
Sawa kabisa. Nilikwepa nyota kwa sababu za usalama.

#12 Mama_Heda
Na heda ya `Vary: Origin` uliiweka?

#13 Mzani_Hombolo
...Hiyo ndiyo nini?

#14 Mama_Heda
Haya. Kati ya seva yako na watu kuna kashe, yaani hifadhi ya nakala za majibu. Asubuhi wa kwanza kuomba ni karani wa Hombolo. Seva inatoa faili pamoja na kibali "Hombolo". Kashe inahifadhi vyote viwili kama kitu kimoja. Saa mbili baadaye anakuja karani wa Mpunguzi, kashe haisumbui seva, inampa nakala iliyopo, na kibali cha mwenzake kikiwa kimebandikwa juu. Kivinjari kinasoma, jina si lake, tupa kule. Kesho yake kashe ikiisha muda, akiwahi Mpunguzi, Hombolo ndiye analia. Aliyewahi kisimani ndiye mwenye maji.

`Vary: Origin` inaiambia kashe kwamba jibu hili hutofautiana kulingana na nani ameomba, usiwape watu wawili nakala moja.

#15 Kisasa_Boy
Au angeweka nyota 😂 nyota haina jina la mtu, hata ikikaa kwenye kashe mwezi mzima ni ile ile. Nilisema toka #3.

#16 Ngoja_Waje
Kisasa_Boy leo kapata.

#17 Pythoni_Chang'ombe
Naomba kutofautiana na dada. Mleta mada hakusema ana kashe ya katikati. Hiyo ni kashe ya kivinjari chenyewe. Anafungua tovuti mbili kwenye kompyuta moja, nakala ya kwanza inamkaa. Afute historia ajaribu tena.

#18 Mama_Heda
Zamani ingekuwa hivyo. Siku hizi Chrome, tangu toleo la 86 mwaka 2020, inatenga kashe kulingana na tovuti uliyopo juu. Kilichohifadhiwa ukiwa Hombolo hakionekani ukiwa Mpunguzi. Halafu makarani hawa ni watu wawili, simu mbili, vijiji viwili. Mzani, tuambie ukweli, kuna kashe au hakuna?

#19 Mzani_Hombolo
Sina kashe mimi. Seva ni moja, nimekodi, nginx (programu ya seva ya kupokea maombi) mbele, programu yangu nyuma.

#20 Fundi_Redio
Shikamooni wakubwa, vijana hamjambo. Mnanikumbusha enzi za Flash. Nilikuwa na kibanda cha intaneti pale Uhindini, natengeneza vimichezo vya watoto. Mchezo mkuu unaita SWF (mafaili ya Flash) za hatua zinazofuata kutoka tovuti nyingine. Ikipakia, unaiona kwenye skrini, inacheza vizuri tu. Lakini ukitaka kugusa kilichomo ndani yake, kuita kitendo au kusoma alama, unakatazwa. Ni kama mgeni kukaa sebuleni kwako, unamwona, unampa chai, ila mkoba wake huufungui mpaka mwenyewe aseme. Kusema kwenyewe ilikuwa `Security.allowDomain` ndani ya ile SWF ya mgeni. Na kama unavuta data, tovuti ya pili iwe na faili la crossdomain.xml kwenye mzizi wake. Kosa namba 2048 nalikumbuka kuliko namba ya simu ya mke wangu.

Mpaka Adobe walipoiua mwaka 2017.

#21 Makole_Dev
Marahaba mzee. Kidogo tu: 2017 walitangaza. Kuizima kwenyewe ilikuwa 31 Desemba 2020, na tangu 12 Januari 2021 Flash Player ikaanza kuzuia maudhui yenyewe.

#22 Fundi_Redio
Kijana wa mwisho kuingia kibandani kwangu alikuja 2016. Mimi nahesabia hapo.

#23 Mlinzi_wa_Geti
Turudi kwenye nyota. Mleta mada anasema aliikwepa kwa usalama. Usalama upi? Orodha ya vikoa hailindi faili lako. Mtu yeyote mwenye curl analichukua, wewe mwenyewe umelichukua. Ile sheria ya chimbuko moja, ambayo ilianza na Netscape katikati ya miaka ya 1990, inamlinda *mtumiaji*, tovuti ya hovyo isije ikasoma barua zake kwenye tovuti nyingine alikokwisha kuingia. Faili lisilo na siri na lisiloomba kuki, nyota inatosha.

Ila mkianza kutuma kuki au kitambulisho, nyota haikubaliki, kivinjari kitaikataa chenyewe. Hapo ndipo orodha inapokuwa lazima.

#24 Mzani_Hombolo
Lakini ndani ya moduli kuna kanuni ya makato. Wenye vyama hawataki isambae.

#25 Mlinzi_wa_Geti
Imeshasambaa. Kuna zana ya wasm2wat, inageuza baiti zako kuwa maandishi. Majina ya vigeu yanaweza kupotea, lakini namba zako za asilimia zimekaa hapo zinakutazama.

#26 Binti_Mkulima
Samahani naingilia. Baba yangu anauza zabibu. Kwa nini kanuni ya makato iwe siri kwa mtu anayekatwa?

#27 Ngoja_Waje
Karanga zimeisha, nimeagiza nyingine.

#28 Mtani_wa_Iringa
Hapo sasa mada imekuwa tamu kuliko mlenda.

#29 Mzani_Hombolo
Binti, swali lako ni la haki na siwezi kulijibu hapa. Nitalipeleka kikaoni, nadhani nitapigwa.

#30 Pythoni_Chang'ombe
Kuhusu Veyula: mimi nahisi ni lile ombi la utangulizi, OPTIONS. Kivinjari kinabisha hodi kwanza kabla ya GET, yaani ombi lenyewe la faili, seva inataka nywila hata kwenye hodi, inarudisha 401 (huna ruhusa), mambo yanaishia hapo.

#31 Mama_Heda
Hodi inabishwa pale tu unapoongeza heda zisizo za kawaida, kama Authorization, au unapotumia njia kama PUT. GET tupu ya faili haibishi hodi. Mzani, unaongeza heda yoyote?

#32 Mzani_Hombolo
Hapana. `fetch` tupu, ile iliyotengenezwa na wasm-pack, zana ya kugeuza Rust kuwa wasm.

Halafu wakuu, naomba radhi. Kashe ipo. Nilipokodi seva kuna kitufe kwenye paneli kimeandikwa "ongeza kasi", nilikiwasha mwezi uliopita nikakisahau. Nimejaribu hivi:

`curl -sD - -o /dev/null -H "Origin: https://mpunguzi..." https://ghala.../kikokotoo_bg.wasm`

Majibu:
`content-type: application/wasm`
`cache-control: public, max-age=86400`
`age: 5120`
`access-control-allow-origin: https://hombolo...`

Nimejitambulisha kama Mpunguzi, nimepewa kibali cha Hombolo. Na hiyo age ni sekunde 5120, yaani nakala imekaa humo saa moja na dakika 25. Nikipiga hesabu narudi kwenye saa mbili na nusu asubuhi, wakati ule ule karani wa Hombolo anafungua ofisi.

#33 Mama_Heda
🙂

#34 Kisasa_Boy
Na max-age umeweka saa 24. Ndiyo maana zinapokezana kwa siku. Wala sikosoi, nacheka tu.

#35 Makole_Dev
Hongera kwa hilo. Ila angalia unapoongeza Vary kwenye nginx. Ukiandika `add_header` ndani ya location, zile add_header ulizoziweka juu kwenye server zinafutika kwa location hiyo, hazirithiwi tena. Na bila neno `always` mwishoni, jibu la 404 au 500 linatoka bila heda yoyote ya CORS. Kwa hiyo kosa la kawaida la seva linavaa sura ya kosa la CORS, na wewe unahangaika na kibali wakati faili lenyewe halipo. Pengine ndiyo Veyula hiyo.

#36 Salome_wa_Manyoni
Yangu ya Veyula: kuelekezwa. Tovuti yangu ya alizeti ilikuwa inaomba moduli kwa anwani isiyo na www, seva inaielekeza kwenye yenye www. Lile jibu la kuelekeza nalo linatakiwa kuwa na kibali, halikuwa nacho. Nikaandika anwani ya mwisho moja kwa moja, ikapona.

#37 Pythoni_Chang'ombe
Au ni kampuni ya simu. Bando likiisha wanakuchomekea ukurasa wao wa "nunua kifurushi". Kivinjari kinategemea wasm kinapewa matangazo.

#38 Mlinzi_wa_Geti
Juu ya https hawawezi kuchomeka kitu bila kivinjari kupiga kelele ya cheti. Bando likiisha faili halifiki tu.

#39 Makole_Dev
Ila ukurasa kuja badala ya moduli kunatokea, na dalili yake ni nzuri sana. Moduli halali huanza na baiti 00 61 73 6d, hizo tatu za mwisho ni herufi a-s-m. Siku moja nikapata kosa linasema lilitarajia hizo, likakuta 3c 21 44 4f. Nikakaa nazitazama. Ukizisoma kama herufi ni `<!DO`. Mwanzo wa `<!DOCTYPE`, yaani ukurasa wa HTML! Nilikuwa nimenakili faili la JavaScript la gundi (lile linaloipakia moduli) kwenye tovuti ya maktaba ya chuo fulani, nikaiacha wasm kwenye kikoa chake. Gundi ya wasm-pack inatafuta wasm *jirani na yenyewe ilipo*, si jirani na ilikotoka. Ikaiomba tovuti ya maktaba, tovuti haina faili hilo, ikarudisha ukurasa wa mwanzo kwa adabu zote na namba 200.

#40 Mama_Heda
Nzuri hiyo, lakini hapo chimbuko ni moja, CORS haihusiki. Veyula inalalamikia heda. Mzani, nijibu hili: orodha yako ya vikoa imeandikwaje? Ninakili herufi kwa herufi.

#41 Mzani_Hombolo
`https://hombolo...`
`https://mpunguzi...`
`https://veyula.../`

#42 Kisasa_Boy
MKWAJU!!!

#43 Ngoja_Waje
Mkwaju upi? Sijaona.

#44 Kisasa_Boy
Ule wa mwishoni, alama ya /. Chimbuko halina mkwaju mwishoni. Kivinjari kinatuma jina bila mkwaju, orodha ina mkwaju, hazilingani, seva inaona mgeni haitoi kibali.

#45 Fundi_Redio
Miezi yote hiyo kwa mkwaju mmoja. Mimi nilipoteza wiki kwa herufi kubwa.

#46 Mlinzi_wa_Geti
Nikiwa nimekaa: mnavuta msimbo kutoka kikoa kingine na kuuendesha kwenye ukurasa wa malipo ya watu. Ghala ikivamiwa, vyama vitatu vimevamiwa. `fetch` inakubali kigezo cha integrity. Weka alama ya sha384 ya faili, likibadilishwa hata baiti moja kivinjari kinakataa.

#47 Salome_wa_Manyoni
Halafu bei ikibadilika anabadilisha alama kwenye tovuti tatu. Si ndicho alichokuwa anakikimbia?

#48 Makole_Dev
Kwani bei inakompailiwa ndani kwa nini? Bei ni data. Iweke kwenye faili la JSON, moduli ibaki na hesabu tu. Moduli itabadilika mara moja kwa mwaka, bei hata kila siku.

#49 Mlinzi_wa_Geti
Na mvamizi atabadilisha JSON. Umehamisha mwizi kutoka dirishani kwenda mlangoni.

#50 Pythoni_Chang'ombe
Mimi bado nasema kila chama kiwe na nakala yake tu. Faili lina ukubwa gani?

#51 Mzani_Hombolo
Kilobaiti 94.

#52 Pythoni_Chang'ombe
Kilobaiti 94, na tumefika posti ya 52.

#53 Mzani_Hombolo
Mrejesho wa usiku. Nimeweka Vary, nimesafisha kashe ya kile kitufe, nimefuta mkwaju. Hombolo na Mpunguzi zimefunguka zote kwa wakati mmoja, nimezijaribu kwa zamu mara kumi. Veyula imefunguka kwenye kompyuta yangu kwa mara ya kwanza tangu izaliwe. Mama_Heda, Kisasa_Boy, asanteni sana.

Lakini mwenyekiti wa Veyula amenipigia sasa hivi, kwake bado. Simu yake.

#54 Mama_Heda
Anaandika anwani au anabonyeza alama aliyohifadhi zamani? Kama alihifadhi isiyo na s, chimbuko lake ni http, halimo kwenye orodha.

#55 Salome_wa_Manyoni
Au yenye www.

#56 Makole_Dev
Au simu ya kale, kivinjari hakijui wasm kabisa.

#57 Kisasa_Boy
Weka nyota tujue moja.

#58 Mzani_Hombolo
Nimemwambia anipigie picha ya skrini ya juu pale penye anwani. Anasema hajui kupiga picha ya skrini, anayejua ni mjukuu wake, na mjukuu amerudi bweni mpaka Ijumaa.

#59 Binti_Mkulima
Mimi niko Veyula. Nyumba ya mwenyekiti ni ya tatu kutoka kwetu, naweza kwenda kesho asubuhi. Ila kwa sharti moja, na unalijua.